Namna ya Kumshirikisha Mtu Mmoja Injili kwa Simu Yako

Bwana asifiwe, na karibu sana. Kama una simu yenye intaneti, na kuna mtu unayetamani amjue Yesu Kristo, basi video hii nimekuandalia wewe. Wengi tukifikiria kuhubiri mtandaoni tunaanza na hesabu ya wafuasi na watazamaji. Mimi nakuomba uanze na jina moja. Chukua karatasi, andika jina la mtu huyo, kisha simamisha video umwombee kabla hatujagusa programu yoyote.

Umeshaandika? Chini ya jina lake ongeza mambo matatu. Akiwa na watu wake wa karibu anazungumza lugha gani? Anapenda kusoma, kusikiliza au kutazama? Na kwa sasa anapitia nini? Majibu haya ndiyo yatakayokuchagulia cha kutuma. Mtu aliyefiwa juzi ukimtumia mahubiri ya saa nzima, hatayamaliza hata yakiwa matamu namna gani. Lakini Yohana sura ya 11, pale Yesu anapolia pamoja na Mariamu aliyefiwa na ndugu yake Lazaro, inamkuta hapo hapo alipo.

Haya, tufungue simu.

Kama mtu wako ni msomaji, tumia programu ya Biblia ya YouVersion. Ilitolewa mwaka 2008 na kanisa la Life.Church la Marekani, ni ya bure, na haina matangazo ya biashara. Ukiifungua, gusa sehemu ya Biblia, chagua kitabu na sura, halafu gusa jina la tafsiri pale juu ili ubadilishe lugha. Kwa Kiswahili utaikuta tafsiri ya zamani ambayo wengi tumekariri mistari yake, na pia zipo zenye lugha nyepesi. Kwa mtu ambaye hajazoea Biblia, chagua ile nyepesi, hata kama wewe moyo wako uko kwenye ile ya zamani. Sasa gusa mstari wenyewe, utaona machaguo yanajitokeza chini ya skrini, na mojawapo ni la kushirikisha. Ukiligusa, unaweza kuupeleka mstari huo moja kwa moja kwenye ujumbe.

Hapa nina maoni yangu, na nayashikilia. Mstari mmoja uliopambwa kwa maua na machweo ya jua humtia moyo aliyeamini tayari. Asiyeamini huuona kama methali nzuri, akaupita. Mpe habari kamili. Luka 15 yote, yenye kondoo aliyepotea, shilingi iliyopotea na mwana aliyepotea, ni usomaji wa dakika chache tu, na mtu anaingia ndani ya hadithi akajitafutia nafasi yake mwenyewe.

Kama mtu wako hasomi, au anasoma lakini siku nzima yuko kazini mikono imeshika kazi, mpe sauti. Shirika la Faith Comes By Hearing, lililoanzishwa mwaka 1972, limefanya kazi ya kurekodi Maandiko katika lugha nyingi mno, na programu yao inaitwa Bible.is. Fungua, chagua nchi au lugha, chagua kitabu, gusa alama ya kucheza. Nyingi kati ya rekodi hizo ni za uigizaji: kila mhusika ana sauti yake, na bahari na umati unavisikia. Ukiwa kwenye mtandao mzuri, pakua kitabu kizima ili kisikilizwe baadaye bila kula bando. Mweleze na rafiki yako afanye vivyo hivyo, maana wengi huacha kusikiliza kwa sababu ya gharama tu, wala si kwa kukosa hamu.

Na ikiwa lugha ya nyumbani kwake ni ndogo, hata hujawahi kuiona imeandikwa kitabuni? Usikate tamaa mapema. Mwaka 1939, Joy Ridderhof, mmisionari aliyekuwa amerudi Los Angeles kutoka Honduras kwa sababu ya ugonjwa, alianza kurekodi ujumbe wa Injili ili sauti ifike mahali ambapo mwili wake haukuweza kurudi. Kazi hiyo leo inaitwa Global Recordings Network, na ina rekodi katika lugha zaidi ya 6,000. Programu yao ni 5fish. Andika jina la lugha kwenye sehemu ya kutafutia, na kama lugha ina majina mawili au matatu, yajaribu yote. Kabla hujatuma, msikilizishe mtu anayeijua lugha hiyo, kwa sababu lahaja hutofautiana.

Kwa mtazamaji, ipo filamu ya Yesu iliyotoka mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka, na ambayo imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000. Ina urefu wa karibu saa mbili, kwa hiyo usianze kwa kumtumia yote. Kwenye programu ya Jesus Film Project imegawanywa vipande vifupi. Chagua lugha kwanza, kisha kipande. Mtu anayejiona ameharibikiwa mno hata Mungu hamtaki, mtafutie kile cha yule mwanamke aliyesamehewa nyumbani kwa Simoni Farisayo. Mwenye mali lakini hana amani, mpe Zakayo.

Nyenzo zimetosha. Chagua moja tu. Ukituma viungo vitano kwa mpigo, hatafungua hata kimoja.

Sasa tunafika kwenye ujumbe wenyewe, na hapa naomba utulie nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi njema huharibikia. Kiungo kilichotumwa bila neno lolote kinafanana na tangazo. Mtu hajui kama umemkumbuka yeye au umewarushia watu mia. Kwa hiyo msalimie kama mnavyosalimiana siku zote. Kama ni mkubwa wako, anza kwa shikamoo. Kisha omba ruhusa: "Kuna habari fupi kwenye Biblia nimeisikiliza nikakukumbuka. Ni dakika tano. Naweza kukutumia?" Akikubali, tuma, na chini yake weka swali moja la kweli, ambalo wewe mwenyewe ungependa kusikia jibu lake. Kwa Luka 15 mimi hupenda hili: "Yule kaka mkubwa aliyekataa kuingia kwenye karamu, unadhani alikuwa na haki ya kukasirika?" Swali la namna hiyo halimtegi mtu. Linamfanya afikiri, na jibu lake litakuonyesha anamwonaje Mungu.

Akisema hapana, mshukuru, endelea na urafiki wenu kama kawaida. Petro alipowaandikia waumini wawe tayari kutoa sababu ya tumaini lao, aliongeza kwamba wafanye hivyo kwa upole na heshima. Upole huo unahusu pia kidole kinachobofya "tuma".

Akijibu, acha kazi ndogo uliyonayo umjibu. Tarehe 2 Januari 1921 kituo cha redio cha KDKA cha Pittsburgh kilirusha ibada kutoka kanisa la Calvary, na hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa ibada ya kwanza kusikika redioni. Tangu hapo wahubiri wengi wametumia mawimbi kwa uaminifu, lakini msikilizaji mwenye swali ilimbidi aandike barua na kungoja. Wewe una chombo kinachorudisha sauti papo hapo. Kukitumia kusema tu bila kusikiliza ni kupoteza nusu ya zawadi uliyopewa.

Wakati mwingine atakuuliza, "Na wewe ilikuwaje?" Tayarisha ushuhuda wako. Soma Matendo 26 uone Paulo alivyofanya mbele ya mfalme Agripa: alisema alivyokuwa mwanzo, akasema kilichompata njiani kwenda Dameski, akasema alivyoishi baada ya hapo. Fuata mpangilio huo, na usizidi dakika mbili. Kurekodi si kugumu. Kaa ukielekea dirisha ili mwanga uangukie uso, wala usiliweke mgongoni. Simu iwe karibu, kadiri ya urefu wa mkono, kwa sababu watu huvumilia picha hafifu lakini sauti mbaya hawaivumilii. Zima feni na redio. Ongea na yule mtu uliyeandika jina lake, usiongee na "watazamaji". Lugha za kanisani kama upako, madhabahu na kufunguliwa ziache, eleza kwa maneno ambayo jirani yake asiyeenda kanisani angeelewa. Na tafadhali usiongeze chumvi. Kama Mungu alikupa amani wakati ugonjwa haukuondoka, sema hivyo hivyo. Ukimaliza, andika maneno chini ya picha, maana wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa.

Kuna mambo ya kujihadhari nayo, na sitayapita haraka. Ujumbe unaosema "sambaza kwa watu kumi upate muujiza" usiutume kamwe. Injili haina sharti hilo. Video ya muujiza usiyojua imetoka wapi iache, hasa siku hizi ambapo kompyuta inaweza kutengeneza sura na sauti ya mtu. Ikija kubainika ni ya uongo, aliyekuamini atakuwa na sababu ya kutilia shaka hata Luka 15 uliyomtumia. Wimbo wa mtu usiuweke kwenye video yako bila ruhusa: una mwenyewe, na YouTube inaweza kuuzuia. Jambo la nne ni zito kuliko yote. Mahali pengine, kumjulikanisha mtu kwamba anasoma Biblia kunaweza kumgharimu familia, kazi au uhai. Usipige picha ya skrini ya mazungumzo yenu, usitaje jina lake kwenye kikundi cha maombi, usirushe ushuhuda wake hata kama umekufurahisha kiasi gani. Muulize kwanza njia ipi ya kuwasiliana ni salama kwake, ufuate atakayosema.

Basi tuseme mmeanza kuzungumza, na ana maswali. Katika Matendo 8, yule towashi Mwethiopia alikuwa na kitabu cha nabii Isaya mikononi, alikuwa anakisoma, na bado alihitaji mtu wa kumwongoza. Filipo akapanda garini akaketi naye. Wewe fanya hivyo kwa kumwalika msome pamoja Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 tu. YouVersion ina mipango ya kusoma na marafiki: fungua mpango, chagua kusoma na wengine, mtumie mwaliko, na kila siku mnaweza kuandikiana mlichokiona. Kama hataki programu mpya, tuma sura moja kwa sauti kwenye WhatsApp, kisha mpigiane simu jioni. Ukiulizwa swali usilolijua, sema hujui, ukamuulize mchungaji au mwalimu wako, urudi na jibu siku uliyoahidi.

Hatua ya mwisho ifanye mapema, usingoje mmalize Marko. Tafuta kusanyiko linalohubiri Kristo karibu na anapoishi yeye, si karibu na unapoishi wewe. Wapigie, uliza ibada ni saa ngapi na kwa lugha gani, na omba wakupe jina la mtu mmoja, wa rika lake ikiwezekana, atakayempokea mlangoni. Mwambie rafiki yako jina hilo, na kama yuko tayari, waunganishe kwa simu kabla ya siku ya ibada.