Dhahabu ya Saa za Paris na Moshi Wake

Mabibi na mabwana, mtu akiiona saa ya kale ya Paris, ile ya shaba iliyopakwa dhahabu na kuwekwa juu ya meko ya sebuleni, husogea kusoma jina lililo kwenye uso wake mweupe. Mara nyingi ni jina la fundi saa, au la mwenye duka. Aliyeisubu shaba, aliyeinakshi na aliyeipaka dhahabu hawatajwi.

Mimi leo nataka kumsemea huyo wa mwisho.

Dhahabu ilisagwa pamoja na zebaki mpaka ikawa laini kama siagi. Fundi aliisugulia kwenye shaba kwa brashi, kisha akakishika kipande juu ya makaa, akikigeuzageuza. Zebaki ikapaa, dhahabu ikang'ang'ania. Palipotakiwa kung'aa pakasuguliwa kwa jiwe la akiki. Kwingine pakaachwa pamefifia, na ndiyo maana shavu la sanamu halimetimeti kama upindo wa nguo yake. Uzuri huo, naukiri, hauna mfano. Lakini mvuke ule uliingia kifuani mwa fundi. Mikono ilianza kutetemeka, meno yakalegea, na wengi walikufa kabla ya uzee. Waliowahi kufika kwenye machimbo madogo ya dhahabu kule Geita wanaijua zebaki, na wanajua inavyochomwa.

Antoine-André Ravrio, aliyezaliwa mwaka 1759, alikuwa bingwa wa shaba enzi za Napoleon. Jina lake limo kwenye uso wa baadhi ya saa zake, kando ya la fundi saa Mesnil. Mali yake ilitokana na moshi ule, na hakulisahau hilo. Alipofariki mwaka 1814, wasia wake ulikutwa umetenga faranga 3,000 kwa yeyote atakayebuni njia ya kuwakinga wapakaji dhahabu na zebaki.

Tuzo aliipata mkemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet mwaka 1818. Alichobuni ni tanuri lenye bomba la moshi na moto wa pili wa pembeni. Moto huo uliipasha hewa ya bombani, nayo ikipanda ikauvuta mvuke kwenda juu, huku fundi akifanya kazi nyuma ya kioo, mikono tu ikiwa ndani.