Meli Si Feri ya Likoni

Assalaam alaykum. Na wasiosalimiana hivyo, hamjambo. Wazee wangu, shikamooni. Mlio nyuma nyanyueni mkono kama sauti inafika, maana kipaza sauti hiki kina tabia zake. Inafika? Vyema. Niliomba katika mwaliko kila mtu aje na pasipoti yake. Wekeni mapajani, msizifungue bado.

Nimeitwa nizungumzie jambo moja. Mtu akitaka kutembea kwa meli ya kitalii, yale maghorofa meupe tunayoyaona yakiingia bandari yetu ya Kilindini msimu wa kaskazi, aanze kupanga lini, na apange kiasi gani? Jamaa mmoja, yumo humu wala simtaji, alinipigia simu akanicheka: "Wazee wetu walipandisha tanga wakaenda zao, nyinyi mnataka mhadhara!"

Nimeliwaza neno lile siku mbili. Si kweli hata kidogo. Nahodha wa jahazi alikuwa na mpango mkali kuliko sote humu ndani. Kuja huku kutoka Maskati au Surat alingoja kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi. Kurudi alingoja kusi ianze, lakini aondoke kabla haijachacha, kwa sababu kusi ya Juni na Julai haina mchezo, na bandari za upande wa pili zilikuwa zimeshafunga bahari. Akikosa nafasi ile, alikaa Mombasa miezi, anakula akiba yake na ya mwenye chombo. Tarehe ya kung'oa nanga aliishika kwa meno. Lakini ungemuuliza siku ya kufika, angekujibu inshallah, na hapo hakuwa na wasiwasi wowote.

Na mimi kipimo changu ndicho hicho. Katika safari ya meli yako mambo yenye mlango unaofungwa, na yako yasiyo na mlango. Ya kwanza yapange mapema mpaka watu wakuone una kichaa. Ya pili yaache. Shida ya watu wetu, na niliiona miaka tisa nikiwa mhudumu wa vyumba melini, ni kugeuza mambo: mtu anajua atakula nini usiku wa tatu, atavaa nini usiku wa nne, lakini viza hajaulizia.

Sisi wa Mombasa tuna ugonjwa wetu mahususi, na ugonjwa huo ni kivuko cha Likoni. Tumelelewa na feri. Ukiikosa hii unanunua mhogo wa kukaanga, unangoja ile. Basi mtu anakwenda na akili hiyo mpaka gatini. Lango la kupandia meli hufungwa saa moja au saa moja na nusu kabla ya kuondoka, na meli ikishafungua kamba haingoji mtu. Kila saa inayokaa gatini inalipiwa, rubani wa bandari ameshaitwa, tagi za kuivuta meli ziko tayari, na bandari ya kesho ina nafasi yake iliyowekwa. Wewe ni mmoja katika watu elfu mbili, tatu.

Sasa, lini. Mkisoma ushauri wa wageni mtakuta maneno haya: ngoja dakika za mwisho, bei itaanguka. Na huanguka kweli. Makampuni mengi hutaka malipo kamili kama siku 90 kabla ya safari, mengine 75, mengine 120. Siku hiyo ikipita, waliosita wameshajitoa, vyumba vimebaki wazi, na kampuni haipendi kusafiri na kitanda kitupu, kwa sababu kitanda kitupu hakinunui soda. Bei inashushwa. Lakini anayefaidi ni nani? Ni mstaafu anayekaa saa moja kutoka Miami au Southampton, hahitaji viza, hahitaji ndege, anatupa sanduku kwenye buti ya gari anakwenda. Ushauri ule ameandikiwa yeye.

Tufanye hesabu yetu sisi. Chukua safari ya Bahari ya Mediterania. Unahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, ila wameruhusiwa kufika hata 45. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Ongeza siku za kutafuta miadi Nairobi, ongeza na ile siku utakapopanda treni ya Madaraka Express ukaambiwa karatasi moja imepungua. Mtu aliyeona bei nzuri siku 60 kabla ya safari anaweza kuwa amenunua chumba asichokifikia. Kwa hivyo mimi nasema mwaka mmoja. Ukiwa na watoto na unataka chumba cha watu wanne, au unasafiri likizo ya Desemba, mwaka na nusu si mwingi, kwa sababu vyumba vya wanne ni vichache kila meli na ndivyo huisha kwanza.

Kwenye viza kuna mtego naomba muukumbuke hata mkisahau yote mengine. Mpwa wangu na mumewe walipanga fungate yao wakapandie meli Piraeus, bandari ya Athens. Viza wamepata, furaha tele, nguo zimeshonwa. Sikuitazama viza ile, na kosa ni langu, maana mimi ndiye mjuzi wa ukoo. Ilikuwa ya kuingia mara moja. Meli ile inatoka Ugiriki, inagusa Kuşadası, ambayo ni Uturuki, halafu inarudi visiwa vya Ugiriki. Ukishuka Uturuki umeshatoka Schengen, na kurudi ni kuingia mara ya pili. Walizuiwa mezani, masanduku yakiwa yameshapewa vibandiko. Fungate ikaliwa hotelini Piraeus, siku saba, wanatazama meli za wenzao. Sasa hivi wana watoto wawili na bado mke hunikumbusha kila Idd. Chora njia yote ya meli, bandari kwa bandari, ndipo uandike ombi la viza, ukitaja wazi kwamba unahitaji kuingia zaidi ya mara moja.

Wanaotaka njia nyepesi waitazame Durban. Meli huzunguka pale majira yao ya joto, Novemba mpaka Aprili, na tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90. Meli ikigusa nchi nyingine, ulizia na ya huko. Lakini hata Durban ina mlango wake: kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ni ya maisha, ila kadi huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano. Ukichanjwa Jumatatu ukaruka Ijumaa, umebeba karatasi tu.

Fedha nitapita haraka. Arubuni hulipwa mapema, iliyobaki siku ile ya 90. Uliza kwa maandishi kama arubuni hurudishwa, maana bei rahisi mara nyingi ndizo zisizorudishwa. Safari inauzwa kwa dola, na wewe unaweka akiba kwa shilingi. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na katikati ya mwaka uleule ikarudi karibu 130. Mwenye deni la dola 2,000, tofauti ni shilingi 60,000. Anayeweza anunue dola kidogo kidogo. Bakshishi pia si hiari kama mnavyodhani: makampuni mengi huweka kama dola 15 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku kwenye hesabu yako. Nilikuwa naishi kwa pesa hizo, kwa hivyo hapa mimi si mtu wa kuaminiwa.

Kalenda. Meli za Bahari ya Hindi na za Ghuba hutembea miezi ya baridi ya Ulaya, na Ramadhani sasa imeingia hapohapo. Mwaka 2027 inatarajiwa mwanzoni mwa Februari, 2028 mwishoni mwa Januari, kwa kutegemea mwandamo. Unayeweka nafasi miaka miwili mbele, funga kalenda mbili pamoja. Sisemi mtu hawezi kufunga melini, nimefunga mimi, nikifuturu tende nimesimama karibu na mashine za kufulia. Lakini kulipia karamu ya mchana siku saba halafu uzikwepe, hilo ni shauri lako na mfuko wako. Na chakula cha halali usikiulizie mezani. Ulizia siku ya arubuni. Kampuni nyingine zitakubali, nyingine zitakuambia samaki na mboga. Jibu lolote kati ya hayo unaweza kuishi nalo ukilijua miezi minane kabla.

Bado niko kwenye milango inayofungwa, nivumilieni. Jina la bandari kwenye tangazo si lazima liwe bandari. Wakikuandikia "Roma", meli inatia nanga Civitavecchia, kama kilomita 70 hivi, yaani mtu wa Mombasa ashushwe Kilifi na zaidi kidogo. "Paris" ni Le Havre, kama kilomita 200. "Venice" ndiyo ya hatari zaidi: tangu Agosti 2021 meli kubwa haziruhusiwi kupita katikati ya mji ule, na safari nyingi zinazouzwa kwa jina lake huanzia Trieste au Ravenna. Kuna watu wamekata ndege ya kufika asubuhi ya siku ya meli, wakaenda kusimama mji ambao meli haiko. Fika siku moja kabla. Usiku mmoja wa hoteli utauona ghali mpaka siku ndege yako ichelewe Nairobi.

Haya, tumefika ngazini, umepanda. Hapa ndipo nasema acha kupanga.

Nimewaona wageni hapa kwetu. Meli imeingia Kilindini alfajiri, mtu ana karatasi: Tsavo Mashariki, Fort Jesus, Mji wa Kale, kisha ufukweni, vyote mpaka saa kumi. Anafika Mariakani anakuta malori yamepangana, moyo unamwenda mbio, tembo akimwona hamwoni. Na mwingine kashuka bila mpango wowote, kakaa kwenye baraza ya Mji wa Kale na kahawa chungu na kashata, kaongea na mzee mmoja kuhusu milango ya nakshi mpaka adhuhuri. Huyo wa pili aliniandikia miaka mitatu baadaye akiuliza hali ya yule mzee.

Kwa hivyo katika bandari tano, panga mbili. Zile ambazo kitu unachokitaka kiko mbali, nunua matembezi ya meli yenyewe, hata kama ni ghali, kwa sababu basi la meli likichelewa kwa kawaida meli hulingoja. Gari ulilokodi mwenyewe, meli hailingoji. Machi 2024 abiria 8 waliachwa São Tomé. Walikuwa kwenye matembezi ya binafsi, wakachelewa, meli ikaondoka. Wakawa wanaruka nchi baada ya nchi kuifukuza. Walipofika Gambia, maji yalikuwa yamekupwa, meli haikuweza kuingia. Wakaipata Dakar, karibu wiki nzima baada ya kuachwa. Bandari tatu zilizobaki tembea kwa miguu, usivuke umbali ambao huwezi kurudi kwa miguu, na saa yako iache kwenye saa ya meli, usiifuate ya mji.

Mama amenyoosha mkono. Ndiyo mama, sema. Anauliza, na meli ikibadilisha njia? Itabadilisha, mama. Mkataba unampa nahodha ruhusa hiyo. Upepo ukivuma Santorini, ambako watu hushushwa kwa vimashua, mnapita mnakitazama kisiwa kwa macho. Tangu mwisho wa 2023, kwa ajili ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu, meli nyingi za abiria ziliacha njia ya Suez kabisa, zikazunguka Afrika. Kwa kawaida utarudishiwa ada ya bandari iliyorukwa, basi. Usichague safari kwa ajili ya bandari moja tu.

Na huyu kijana anauliza kuhusu kigegezi, kichefuchefu cha bahari. Chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, ndicho kinachoyumba kidogo, na bahati nzuri mara nyingi ndicho cha bei nafuu. Lakini tazama ramani kwanza ujue kilicho juu yako. Mimi nimelala chini ya ukumbi wa dansi miezi sita.

Sasa fungueni zile pasipoti. Tazameni tarehe ya mwisho. Nchi nyingi na makampuni mengi ya meli hutaka ibaki na miezi 6 baada ya safari kwisha, kwa hivyo anayepanga mwaka mbele na yake ina mwaka mmoja tu, aingie eCitizen leo usiku kabla ya arubuni. Nani yake ni fupi? Wewe, na wewe... Nyanyueni juu tuone. Kumi na moja. Na yule bwana aliyenipigia simu kunicheka, mbona umeifunga haraka hivyo? Hebu ilete huku.