Moto Iko Mbio, Njia Njo Haijulikane

BAHATI: Tunaendelea, kwa ule anafungua sasa hivi ni sisi, tuko Goma. Yaya Furaha, anza wewe juu mi nilisikia habari yako kwa jirani, ati nyumba mzima kule Himbi walikukasirikia.

FURAHA: Walinikasirikia kabisa mudogo wangu. Ilianza ivi, sisi tunanunua intaneti kwa giga, unaweka ya mwezi mzima, tarehe 17 imeisha, na ukichunguza vizuri mingi iliyoliwa ni matangazo na zile video zinajicheza zenyewe. Njo nikachukua kile kikompyuta kidogo, Raspberry Pi, nikaweka Pi-hole ndani, programu ya kuzuia matangazo, nikaambia ruta, ile inagawa wifi, kila simu na tele zikauulize majina ya kurasa pale. Siku ya kwanza, safi! Pahali pa matangazo pako peupe tu. Siku ya pili batoto wanaanza: mama, rezo inajivuta. Siku ya tatu ni baba yao, na ule hasemagi mara mbili.

BAHATI: Na ulipima mbio yake?

FURAHA: Nilipima, njo ilinichanganya sasa. Kipimo kinaonyesha mbio ileile ya zamani. Lakini fungua ukurasa: unangoja, unangoja, hakuna kitu, kisha paa, yote inaingia mara moja.

BAHATI: Alama ni hiyo. Kama inangoja kisha inaingia yote mara moja, bomba haina shida, shida iko kwa kuuliza jina. Watu wanadhani Pi-hole inabeba video zao, hapana, mzigo haupitie mule ata kidogo, ile inajibu tu "jina fulani namba yake ni hii", na kama jina ni la matangazo inajibu namba tupu, haifike pahali. Fikiria motari, ule anabebaga watu kwa pikipiki. Moto yake inaweza kuwa mpya, inakimbia, lakini umemwambia "nipeleke kwa mama fulani anauzishaga makala ya kupikia, huko Ndosho", na Ndosho nani anajua namba za nyumba? Kila kona anasimama anauliza. Kipimo cha mbio kinapima moto. Hakipime kuuliza.

FURAHA: Na ukurasa mmoja wa habari hauulize jina moja.

BAHATI: Moja? Inaweza fika makumi. Picha kwa jina lake, herufi kwa jina lake, vile vidude vya kukufuata kwa majina yao.

FURAHA: Basi nikafungua ukurasa wa Pi-hole wenyewe, nikaangalia nani anauliza sana. Nikidhani ni tele ya saluni, pale tunapokeaga wageni. Kumbe ni ruta! Anwani yake 192.168.1.1, maulizo maelfu na maelfu, na kuko onyo ati huyu amewekewa mpaka.

BAHATI: Aaah. Ngoja nikisie. Uliandika anwani ya Pi pahali pawili.

FURAHA: Nani alikwambia!

BAHATI: Yaya, mi pia nilipitia mule. Kwenye ruta kuko pahali pawili panafanana. Kamoja ni ka DHCP, yaani kale kanaambia simu "mkauulize huku", pale njo unaandika anwani ya Pi. Kengine ni ka upande wa inje, ruta yenyewe inauliza nani. Wewe ukaandika Pi pote pawili, kisha kwenye Pi-hole yenyewe ukasema "kama hujui, uliza ruta".

FURAHA: Juu niliona ruta iko karibu, nikasema itajibu haraka!

BAHATI: Sasa Pi inauliza ruta, ruta inauliza Pi, Pi inauliza ruta, kama wale wawili kwenye ofisi kila mutu anakutuma kwa mwenzake. Na Pi-hole ina mpaka wake, ukiacha vile ilikuja, mashini moja ikipita maulizo 1000 ndani ya sekunde 60 inaikatalia mpaka zile sekunde ziishe. Nyumba mzima inapata majibu kwa bahati.

FURAHA: Nikatoa ile ya inje, nikaachia ruta mambo yake, Pi nikaielekeza 1.1.1.1 na 9.9.9.9, zile mashini za intaneti zinajibu majina kwa kila mutu. Ikapona saa ileile. Ningeachia pale! Lakini nikaenda kusikiliza mzungu mmoja kwa video, anasema ukiwa mwerevu weka Unbound, programu ya kutafuta majina, usiulize mutu wa kati, jiulizie mwenyewe kuanzia juu kabisa.

BAHATI: Ile ni nzuri kwa siri yako, siikatae. Ila ule mzungu yuko Ulaya, kwake kila kwenda na kurudi ni milisekunde kidogo tu. Unbound jina ikilisikia mara ya kwanza inauliza mzizi, ni zile mashini za juu kabisa, mzizi unaituma kwa wenye .com, wale wanaituma kwa mwenye jina. Inaweza fika safari tatu, mara nyingine zaidi. Sisi tuko mbali na bahari, kila safari inapita milima. 1.1.1.1 yenyewe jina lenye watu wanaulizaga sana tayari linakuwa kichwani mwake, safari moja basi.

FURAHA: Nilipima na dig, ka programu ka kuuliza jina, iko inakuandikia muda chini pale. Mara ya kwanza jina lilikawia, mara ya pili 0. Lakini batoto wanaulizaga kila siku majina mapya tu, hao ni mara ya kwanza kila mara.

BAHATI: Ukiipenda sana Unbound, washa mipangilio yake miwili, prefetch na serve-expired, inakupa jibu la zamani haraka, ya mpya inaitafuta nyuma.

FURAHA: Mi niliitoa. Na kuko kingine sikukwambia. Umeme ulienda siku 2, kurudi, simu zote zinaandika ziko kwa wifi, lakini hakuna ukurasa ata moja unafunguka.

BAHATI: Saa!

FURAHA: Saa, yesu wangu. Kile kikompyuta changu hakina betri ya saa, kiliamka kinaamini bado ni siku mbili nyuma. Na mi nilikuwa nimewasha DNSSEC, inachunguza sahihi za majina, kila sahihi iko na tarehe. Inaona sahihi za kesho, inasema hizi ni za uongo, inakataa yote. Na ili irekebishe saa inabidi iulize jina la mashini ya saa...

BAHATI: ...na jina inalikataa! Kwa inchi yenye umeme wake ni huu wetu, mi naonaga ile DNSSEC uizime tu pale kwenye Pi, 9.9.9.9 inachunguzaga yenyewe. Ama ununue ka saa kadogo ka betri unakachomeka juu. Na anwani ya Pi uifunge kwenye ruta isibadilikaki kila umeme ukirudi.

FURAHA: Nilifanya yote. Rezo iko mbio, baba yao amenyamaza. Sasa mama mukwe alikuja juzi, akakaa mbele ya tele, anafungua YouTube, tangazo. La pili, tangazo. Kumbe YouTube inatoaga matangazo kwa majina yaleyale ya video, ukifunga moja umefunga yote. Ananiuliza: mama, kale kasanduku kanawakaka taa kule kanakula umeme yetu ya nini?