Kibomba Kimoja, Mashtaka Mawili: Wazee Wenye Vijana Marekani, Sikilizeni Hili

Asalam alaykum warahmatullah. Nawasalimu nyote, Unguja na Pemba, na ndugu zetu wa Muscat na London pia. Nipo hapa Columbus, Ohio. Leo siwatembezi madukani wala siwaonyeshi theluji. Nataka kuzungumza na wazee wenye watoto huku, na nyinyi vijana mliopata bahati nasibu ya viza na mnafunga mabegi.

Mama mmoja wa Wete kanitumia sauti WhatsApp. Mwanawe kashikwa ndani ya gari na wenzake, na karatasi ya mahakama ina makosa mawili: kumiliki dawa za kulevya, na kumiliki vifaa vya kutumilia dawa hizo. Anauliza, "Mwanangu, kilichoonekana ni kibomba cha kuvutia tu, tena kitupu. Makosa mawili yametoka wapi?"

Suali lake ni zuri mno. Hapa Ohio kile kibomba chenyewe ni kosa, kwa kuwa ni kifaa. Halafu yale masizi yaliyoganda ndani yakipelekwa maabara yakaonekana ni kokeini au heroini, ni kosa jengine. Mahakama ya Juu ya Ohio ilishaamua mwaka 1998 kwamba mabaki madogo kiasi hicho yanatosha kumshtaki mtu. Na makosa haya hayalingani kwa uzito. La kifaa ni dogo, kifungo chake hakizidi siku 30. La mabaki ya kokeini ni jinai nzito, linaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miezi 12.

Vijana wanachanganyikiwa kwa sababu hivi vitu vinauzwa waziwazi. Vibomba, vimizani, vifuko vidogo vya plastiki, vimepangwa dirishani na bei juu yake. Kinachokigeuza kitu kuwa kosa ni matumizi na nia. Shisha ya tumbaku ni shisha. Polisi na hakimu wanatazama: kina mabaki? Kimekutwa karibu na dawa? Na mwenyewe kasema nini? Hapo kwenye maneno ya mwenyewe ndipo vijana wetu wanapoponzwa na adabu tuliyowalea nayo, ya kumjibu mtu mzima kila anachouliza. Mwanangu, jina lako litaje, kitambulisho toa, kisha sema kwa heshima kwamba hutaki kujibu maswali bila wakili. Polisi akiomba kupekua gari, una haki ya kusema sikubali. Akipekua hivyo hivyo, usimzuie kwa mikono. Atayasema wakili mahakamani.

Na lile la gari. Kumiliki, kisheria, si mpaka kitu kiwe mfukoni mwako. Kikiwa chini ya kiti, mnaweza kushtakiwa wote mliokuwemo. Lakini mwendesha mashtaka lazima athibitishe kwamba ulijua kipo na ulikuwa na uwezo juu yake. Kukaa karibu nacho peke yake hakutoshi. Kesi nyingi zina mwanya hapo, na kijana anauziba mwenyewe kwa kukiri haraka ili arudi nyumbani.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niwashe kamera. Kwa mtu asiye raia, kifungo kinaweza kuwa ndiyo adhabu ndogo. Kuna Mtunisia, Moones Mellouli, alikuwa na grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, na alisomesha hisabati chuo kikuu Missouri. Alikamatwa Kansas kwa kuendesha amelewa, na jela wakamkuta na vidonge vinne. Akakubali kosa dogo la kifaa. Mnajua kifaa kilikuwa nini? Soksi. Soksi aliyofichia vidonge! Mwaka 2012 akafukuzwa nchini. Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki mwaka 2015, lakini miaka mitatu ilikuwa ishakwenda.

Basi kabla kijana hajasema "nakubali kosa", amuulize wakili: hili litafanya nini karatasi zangu za ukaazi? Tangu kesi ya Padilla, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa, hata akiwa wakili aliyewekwa na mahakama kwa asiye na pesa. Na kuna mtego umevaa nguo ya huruma: mahakama inasema kubali kosa, nenda kwenye matibabu, ukimaliza tunaifuta kesi. Mahakama inaifuta kweli. Uhamiaji hawaifuti. Kwao, umekiri na umewekewa masharti, basi ushatiwa hatiani. Hili linaniuma, maana kijana anayehitaji tiba kweli ndiye anayekimbilia kusaini.

Bangi nayo inawadanganya wengi. Wapiga kura wa Ohio waliihalalisha kwa watu wazima Novemba 2023, lakini sheria ya serikali kuu bado inaikataza, na uhamiaji ni wa serikali kuu. Mwenye grinikadi asiiguse, wala asiende kuifanyia kazi dukani.

Wazee mnaofunga mizigo, mirungi mikavu msiiweke, hata ya kumpelekea jirani. Huku inahesabiwa dawa ya kulevya. Tramadoli na Valiamu pia zimo kwenye orodha. Mgonjwa asafiri na dawa yake mwenyewe, ndani ya boksi lake, na cheti cha daktari. Vidonge vilivyofungwa kwenye kikaratasi, hapana.

Na mwanao akikupigia simu kutoka jela, mama yangu, usimuulize "kweli ulikuwa nacho?" Simu za jela zinarekodiwa, na Kiswahili hakifichi kitu, wakalimani wapo. Muulize yuko jela gani, jina lake limeandikwaje, na tarehe ya mahakama lini. Mwambie anaweza kuomba ubalozi wetu Washington ujulishwe. Halafu mengine yote akamwambie wakili.