Bodi Yako Inakufa Lini? Mhadhara kuhusu taasisi za serikali ya jimbo la Texas

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za jioni. Mwenyekiti amenionya nisivuke nusu saa, na naona wanaonijua wanacheka, kwa hiyo sitazunguka.

Tukikutana Waswahili wa Houston au Dallas tukaanza siasa, safari inaishia Washington. Rais kasema hivi, Rais kafanya vile. Haya. Lakini leseni yako ya unesi haikutoka Washington. Leseni ya udereva vilevile, ya saluni vilevile, na kibali cha kituo chako cha kulea watoto. Vyote hivyo viko Austin, kwenye taasisi ambazo wengi wenu hamwezi kunitajia mjumbe mmoja wa bodi zake. Nikisema Austin, mtu ananirukia: "Aa, gavana!" Nimelisema hili mpaka watoto nyumbani wananiigiza: gavana wa Texas si mkubwa wa kila ofisi ya serikali ya Texas.

Katiba ya 1876 iliandikwa na watu wenye kinyongo na Edmund J. Davis, gavana wa miaka ile ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambaye waliona amejilimbikizia madaraka. Wakayakatakata. Mwanasheria Mkuu anachaguliwa na wananchi. Mdhibiti wa Fedha anachaguliwa. Kamishna wa Ardhi naye. Gavana hana ubavu wa kumfukuza hata mmoja wao. Tume ya Reli ina makamishna 3 wa kuchaguliwa, na msiniulize habari za treni, maana siku hizi kazi yake ni mafuta na gesi. Tuendelee.

Taasisi nyingine nyingi zina bodi na tume. Gavana anateua, Seneti inathibitisha, mjumbe anakaa miaka 6. Ila hawaingii kwa mkupuo: kila baada ya miaka 2 theluthi moja inatoka. Gavana mpya anakuta bodi zimejaa watu wa mwenzake aliyetangulia, na hao hawezi kuwatoa. Hata aliowateua mwenyewe, kumng'oa mmoja ni mpaka theluthi mbili za maseneta wakubali.

Kuna mtu hapa anajiuliza, "Mbona basi Gavana Abbott anaonekana kushika kila kitu?" Ni kwa sababu mpango wote huu uliwategemea magavana wa kuja na kuondoka, na Texas haina ukomo wa vipindi. Rick Perry alikaa miaka 14. Greg Abbott yupo tangu Januari 2015. Ukishapita miaka 6 kwenye kiti, kila aliyekaa kwenye bodi hizo amepita mkononi mwako, na hakuna aliyevunja katiba. Kwa hiyo ile kinga ya mwaka 1876 ipo, lakini imelegea, na mtu anayetaka kuzibana hizi bodi inabidi atafute mlango mwingine.

Mlango wenyewe ndio wimbo wangu wa kila mwaka. Sheria ya Machweo.

Bunge la Texas liliipitisha mwaka 1977. Inasema hivi: taasisi inayohusika iandikiwe tarehe ya kufa ndani ya sheria iliyoiunda, kwa kawaida kila miaka 12. Yaani taasisi inaishi kwa viza kama tulivyoanza wengi wetu humu ndani, isipoongezewa, ifungashe. Kuna Tume ya Machweo, yenye watu 12: maseneta 5, wawakilishi 5 na watu 2 wa nje ya Bunge. Watumishi wake wanaichambua taasisi, wanatoa ripoti, wananchi wanaitwa kusema yao, kisha Bunge linapiga kura. Na Bunge lenyewe kikao chake cha kawaida ni siku 140, tena mwaka mmoja linakaa na mwaka mmoja halikai. Ukichelewa kuamka, umekosa.

Sasa mafundi bomba. Nimeshawahi kuwasimulia, najua, mtavumilia.

Bodi ya mafundi bomba ilianzishwa 1947. Zamu yake ya kukaguliwa ilipofika, wakaguzi wakakuta inachelewesha leseni, na hii ni baada ya Kimbunga Harvey cha Agosti 2017, nyumba za watu zimeoza kwa maji na mafundi hawatoshi. Tume ikapendekeza bodi ivunjwe, kazi zake zihamie kwenye idara kubwa ya leseni, ile yenye mafundi umeme, vinyozi na magari ya kuvuta magari. Mafundi wengi hawakutaka kusikia. Fundi bomba wa Texas haungi mabomba ya maji peke yake. Anaunga gesi ya jikoni kwako, na mwenye idhini maalumu anaunga bomba la oksijeni linalofika kwenye kitanda cha mgonjwa. Akiambiwa atakaa kapu moja na kinyozi, anakasirika.

Mswada ukafika siku za mwisho mwisho za kikao, Mei 2019, ukaangukia Baraza la Wawakilishi. Na hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri. Mswada wa kuihamisha bodi ndio huo huo uliokuwa unarefusha uhai wa sheria ya mafundi bomba. Ulipoanguka, haikufa bodi peke yake. Sheria nzima ya leseni ikawekwa kwenye foleni ya kufa. Mtu ametumikia miaka chini ya fundi mkuu, kafanya mtihani, kapata kadi yake, halafu anaamka asubuhi anaambiwa jimbo linakaribia kutokuwa na habari na kadi hiyo.

Wakapiga kelele, wakataka kikao maalumu cha Bunge. Hawakupata. Tarehe 13 Juni 2019 gavana akatoa amri kuiongezea bodi uhai mpaka mwisho wa Mei 2021. Kwa mamlaka gani? Ya maafa. Maafa yapi? Harvey! Upepo wa 2017 ukaja kuokoa bodi mwaka 2019. Mafundi wakashukuru, na mwaka 2021 Bunge likairudisha bodi kisheria. Mimi nilifurahi kwa ajili ya mafundi, lakini sikupenda njia. Bunge limeacha kitu kife, gavana anakifufua kwa karatasi moja. Basi tarehe ya kufa ina maana gani?

"Mimi si fundi bomba." Haya, wewe nenda kwa daktari. Mwaka 2017 Bodi ya Tiba, inayotoa leseni za madaktari, nayo ilifikia tarehe yake, na kikao kikaisha bila kuongezewa, kwa sababu Naibu Gavana Dan Patrick alikuwa anaitumia kama rehani ili ule mswada wa vyoo upite, wa kuwalazimisha waliobadili jinsia watumie choo cha jinsia waliyozaliwa nayo. Ikabidi kiitwe kikao maalumu mwezi Julai. Bodi ikapona, mswada wa vyoo haukupita. Leseni za madaktari wa jimbo zima zilikuwa zimewekwa mezani kama karata.

Wasusi niwaseme haraka, ingawa wanastahili jioni yao. Isis Brantley wa Dallas alikamatwa mwaka 1997 kwa kusuka nywele bila leseni ya urembo. Baadaye jimbo likasema, sawa, lakini ukitaka kufundisha usukaji lazima uwe na chuo cha futi za mraba 2,000, viti 10 vya kinyozi na masinki 5. Kusukia mtu twende kilioni unahitaji sinki la nini? Alikwenda mahakamani, Januari 2015 jaji wa shirikisho akamkubalia, na mwaka huo huo Bunge likafuta leseni ya kusuka kabisa. Dada zetu wanaosuka leo bila hofu wana deni kwake.

Umeme: dakika zinaniishia. Februari 2021, baridi ile iliyozima umeme Texas, hesabu rasmi ni watu 246 waliokufa. ERCOT, inayoendesha gridi, yaani mtandao wa umeme wa sehemu kubwa ya jimbo, ni shirika lisilo la faida chini ya tume ya huduma za umma. Makamishna wote 3 wa tume waliondoka, sheria ikaongeza viti vikawa 5, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Texas ikasema ERCOT ina kinga ya serikali, yaani kuishtaki si rahisi. Nitalirudia siku nyingine, lina mengi.

Ukaguzi wa mahesabu na bajeti naruka. Ila sheria ya habari za umma siruki: unaiandikia taasisi unataka nyaraka, na haina ruhusa ya kukuhoji unazitakia nini. Ikitaka kukunyima, kwa kawaida inapaswa kumwomba Mwanasheria Mkuu aamue, ndani ya siku 10 za kazi. Kwa maandishi, jamani. Kupiga simu haihesabiki.

Na yule atakayesema hawezi kutoa maoni Bungeni kwa kuwa hana uraia: fomu ya shahidi, anayojaza anayekwenda kusema yake, inauliza jina, unamwakilisha nani, unaunga mkono au unapinga. Pasipoti haiulizi. Austin ni mbali? Tume ya Machweo inapokea maoni ya maandishi, na ratiba ya nani anakaguliwa lini iko kwenye tovuti yake. Dada pale nyuma, mkono umeuinua tangu kwenye wasusi. Uliza.