Beyers Naudé na swali la weupe wake

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi na wageni waalikwa,

Mzungu akiulizwa habari za ubaguzi wa rangi, mara nyingi huanza kwa kusema kwamba yeye hana chuki na mtu. Huenda ni kweli, ila swali linabaki palepale, kwa kuwa sheria za Afrika Kusini za baada ya 1948, mwaka serikali ya Makaburu ilipoanza siasa ya ubaguzi iitwayo apartheid, hazikumdai mzungu achukie. Zilitosheka akikaa alipowekwa.

Ndiyo maana nimemchagua mchungaji Beyers Naudé, Kaburu aliyezaliwa 1915. Baba yake alikuwa miongoni mwa waasisi wa Broederbond, chama cha siri cha wanaume wa Kikaburu, na yeye mwenyewe akaapishwa humo 1940. Kanisa lake, lile la Mageuzi la Kiholanzi, ndilo lililoutafutia ubaguzi hoja za Biblia. Alipoanza kujihoji, basi, alihoji malezi ya nyumbani kwao, mimbari aliyosimama na kiapo alichokula.

Wachungaji vijana waliohudumia Waafrika na Machotara walimsimulia yaliyowapata waumini wao, naye akaenda kujionea. Machi 21, 1960, polisi wakawaua watu 69 huko Sharpeville. Desemba mwaka huohuo alihudhuria mkutano wa makanisa uliofanyika Cottesloe, Johannesburg, uliotamka kwamba Maandiko hayakatazi ndoa za watu wa rangi tofauti. Waziri Mkuu Verwoerd alipokasirika, sinodi, yaani mabaraza ya kanisa la Naudé, zikayakana maazimio hayo, Naudé akakataa kuyakana. Hata hivyo, alijitoa Broederbond 1963 tu, mwaka alioanza kuongoza Taasisi ya Kikristo, shirika la Wakristo waliopinga ubaguzi, na kuvuliwa uchungaji. Miaka 3 hiyo sioni vema kuipita haraka, maana ndiyo inayoonyesha jinsi mtu anavyoweza kuujua ukweli na bado akalala na funguo za nyumba mfukoni.

Baadaye Steve Biko, kijana Mwafrika aliyeongoza harakati ya kujitambua kwa watu weusi (Black Consciousness), na wenzake waliwaambia wazungu waliojiita wapenda haki kwamba kazi yao iko kwa wazungu wenzao, si kuwaongoza Waafrika. Wengi walinuna. Naudé alisikiliza, na Taasisi yake ikaziunga mkono harakati za vijana hao. Oktoba 1977, wiki chache baada ya Biko kufa mikononi mwa polisi, serikali ilipiga marufuku Taasisi hiyo pamoja na vyama vya akina Biko, na Naudé akawekewa vizuizi hadi 1984: mtu aliyekulia katika udugu wa siri akakatazwa kukutana na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Akiwa bado chini ya vizuizi hivyo, 1980, aliliacha kanisa la baba zake, akajiunga na ushirika wa Waafrika huko Alexandra, mtaa wa Waafrika jijini Johannesburg.