Banda, Sampuli na Mnunuzi: Maonyesho ya Biashara Yanakoelekea na Nafasi ya Pwani

Mabibi na mabwana, waonyeshaji wenzangu, nawashukuru kwa kuitikia mwito. Nimeombwa nizungumzie mwelekeo wa maonyesho ya biashara duniani na mbinu zinazotufaa sisi wa Pwani ya Kenya. Nitaanza na jambo ninaloliamini kwa dhati, nalo ni kwamba maonyesho hayapimwi kwa wingi wa watu waliopita mbele ya banda, bali kwa wanunuzi wenye uwezo wa kuagiza walioketi ndani yake wakajadiliana bei.

Zamani, mfanyabiashara aliyekwenda kwenye soko kuu la Leipzig, Ujerumani, alibeba shehena yake yote, kwa kuwa aliuza kile tu kilichokuwa mbele yake. Viwanda vilipoanza kutoa bidhaa zinazofanana, na reli ikaweza kuzifikisha baadaye, haja ya kubeba shehena iliondoka, na mwaka 1895 Leipzig ikaanzisha maonyesho ya sampuli, ambapo mnunuzi aliona kielelezo kimoja akaagiza mamia. Maonyesho ya biashara tunayoyajua leo yamesimama juu ya msingi huo. Sasa basi, iwapo picha na video humfikia mnunuzi kwenye simu yake kabla ya sampuli, banda limebaki na kazi gani?

Wako waliojibu kwamba halina kazi tena. Maonyesho ya michezo ya video ya E3, yaliyoanza Los Angeles mwaka 1995, yalifungwa kabisa Desemba 2023, baada ya kampuni kubwa kuona kwamba zinaweza kuzungumza na wateja wao moja kwa moja kupitia intaneti. Maonyesho ya magari ya Geneva, yaliyoanza mwaka 1905, yalifanyika huko kwa mara ya mwisho mwaka 2024, watengenezaji wengi wakiwa wameshajitoa. Lakini Maonyesho ya Canton ya mjini Guangzhou, China, yanayofanyika tangu 1957, yalihamia intaneti mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na Aprili 2023 yakarudi ukumbini kikamilifu. Kwa maoni yangu, tofauti ni hii: E3 na Geneva yalikuwa zaidi majukwaa ya kutangaza, na tangazo siku hizi lina njia nyingi, ilhali Canton ni mahali pa kuagiza, na anayeagiza kontena zima hutaka kuishika bidhaa, kuipima, na kumtazama usoni mtu atakayemkabidhi fedha zake.

Mfano ulio bora zaidi tunao hapa hapa mjini. Mnada wa chai, uliohamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, ulianza kuendeshwa kwa mtandao mwaka 2020, na wanunuzi sasa hutoa bei zao kwa kompyuta. Hata hivyo, sampuli zingali zinasambazwa kabla ya mnada, na waonjaji wangali wanaonja kikombe baada ya kikombe, kwa sababu mtandao waweza kupokea bei lakini hauwezi kuonja. Ningependa wauzaji wa korosho za Kilifi, wa mwani wa Kwale, wa mafuta ya nazi na wa samani za kuchonga za Lamu waliangalie jambo hili kwa makini, kwani bidhaa zao pia huamuliwa kwa ulimi, kwa pua na kwa vidole.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la mtaani, ambako kila mtu anamjua mwenzake, kauli hiyo ni ya kweli. Lakini mnunuzi wa ng'ambo hawezi kukipenda kizuri ambacho hajapata kukisikia. Kwa hiyo kazi ya maonyesho huanza wiki nyingi kabla, kwa kuwaandikia wanunuzi mahususi na kupanga nao miadi. Waandaaji wengi duniani hata huwalipia wanunuzi teule nauli na malazi, kwa sharti kwamba watahudhuria mikutano iliyopangwa, na maonyesho ya utalii ya Magical Kenya yamekuwa yakitumia utaratibu huo.

Ndani ya banda lenyewe, linalonisikitisha ni kuona mapambo ya gharama yakiachiwa vijana ambao hawakuelezwa hata bei ya jumla. Mnunuzi wa kweli atauliza mnaweza kutoa tani ngapi kwa mwezi, kama bidhaa ina alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na bidhaa ikishafikishwa bandarini Kilindini bei itakuwa kiasi gani. Asipopata jibu atachukua kipeperushi kwa adabu na kwenda zake. Majina na namba za wageni ziandikwe kwa ridhaa yao, kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kila aliyeomba bei aipate kwa maandishi kabla ya wiki kwisha.

Nina ombi kwa waandaaji wa Shoo yetu ya Mkomani, yaani maonyesho ya kilimo na biashara ya hapa Mombasa, na kwa serikali ya kaunti. Wananchi waendelee kuifurahia Shoo, na wanafunzi waje kujifunza, lakini itengwe siku moja ya wanunuzi wenye miadi, pawe na meza za kuonjea na kupimia bidhaa za Pwani, na waalikwe pia madalali na waonjaji wa chai, ambao wanafahamiana na wanunuzi wa nchi nyingi, wakae na wakulima wetu wawaeleze sampuli huandaliwaje.